Nani Kakwambia Uweke Adobe RGB?

Fungua menyu ya kamera ya Canon, Nikon au Sony, utakuta mahali pa kuchagua nafasi ya rangi, yaani mipaka ya rangi ambazo faili linaweza kuzibeba: sRGB au Adobe RGB. Na wanapokutana wapiga picha wa harusi, hakosekani mkubwa mmoja wa kumwelekeza anayeanza kazi: "Weka Adobe RGB, dogo. Ndiyo pana, ndiyo wanayotumia wanaojua." Dogo anaweka. Anapiga JPEG, zile picha ambazo kamera imeshazikamilisha yenyewe, siku nzima, anazirekebisha usiku, anazituma kwa bibi harusi, halafu simu inaita. Mbona picha zimepauka? Mbona mama anaonekana kama katoka wodini?

Niseme wazi upande nilioko. Ushauri ule ulikuwa na maana yake mwaka 1998, lakini kwa sehemu kubwa ya kazi tunazofanya leo unaleta hasara. Adobe RGB yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba watu wanaichagua kwa ukubwa wake, tena wanaichagua ndani ya kamera, kabla hata hawajajua picha inakwenda wapi. Nafasi ya rangi huchaguliwa kuanzia mwisho wa safari: picha itatazamwa kwenye nini, itachapwa na mashine gani, na njiani itapita mikononi mwa nani.

Kompyuta haijui nyekundu wala samawati. Inachojua ni namba tatu kwa kila pikseli, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255 ikiwa faili ni la biti 8. Namba hizo hazisemi kitu mpaka ujue ni za nafasi gani, sawa na kuambiwa bei ni 500 bila kuambiwa ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya. Profaili, ile lebo inayopachikwa ndani ya faili, ndiyo inayotaja sarafu.

Chukua uso wa mtu wa maji ya kunde aliyepigwa kivulini. Tuseme kwenye sRGB shavu lake limeandikwa 150, 90, 60. Rangi hiyohiyo, bila kubadilika hata chembe, kwenye Adobe RGB inaandikwa karibu 135, 90, 64. Kwenye ProPhoto RGB, ambayo ni pana kuliko zote mbili, inateremka hadi karibu 105, 79, 52. Sasa faili la Adobe RGB likifika mahali ambapo lebo imeng'oka, au ipo lakini hakuna anayeisoma, zile 135, 90, 64 zinachukuliwa kuwa za sRGB. Nyekundu imepungua pointi 15, kijani kiko palepale, buluu imepanda kidogo. Ngozi imepoteza damu. Huo ndio ugonjwa wa yule mama. Faili la ProPhoto likipatwa na mkasa huohuo, uso mzima unaingia giza na kufifia, na hapo hata mteja asiyejali rangi atauliza.

Kinachonifanya nisimame upande wa sRGB wakati wa kukabidhi kazi ni kwamba ajali hiyo ni ya upande mmoja. Faili la sRGB likipoteza lebo halipati madhara makubwa, kwa sababu kifaa kisichoambiwa kitu hudhani ni sRGB. Kanuni za tovuti zinasema hivyo waziwazi: picha isiyo na profaili ichukuliwe kuwa ya sRGB. Mashine za kusafishia picha za Fujifilm Frontier na Noritsu nazo kwa kawaida huendeshwa kwa dhana hiyohiyo. Kijana aliye kwenye kompyuta ya studio ya kusafishia picha ana foleni ya watu mbele yake. Hatafungua faili lako moja moja kuangalia umeandika sarafu gani, na simlaumu.

Historia inasaidia kuelewa tulifikaje hapa. sRGB ilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ikapitishwa na shirika la viwango la IEC mwaka 1999. Hakuna aliyeitafuta ili iwe nzuri. Walichukua rangi za msingi (nyekundu, kijani na buluu za mwisho, zinazoweka mipaka ya nafasi) za kiwango cha televisheni ya ubora wa juu, wakatazama skrini za kioo kinene zilizokuwa mezani kwa watu wakati huo, wakaandika kile ambacho skrini hizo ziliweza kuonyesha. Ni kipimo cha wastani, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Adobe RGB ina hadithi ya kuchekesha kidogo. Waliokuwa wanatengeneza Photoshop 5.0 walitaka kuweka profaili kadhaa ndani ya programu, na mojawapo waliijenga kwa namba walizozikuta kwenye waraka wa kiwango cha televisheni kiitwacho SMPTE 240M. Baadaye ikagundulika kwamba namba walizochukua hazikuwa zile za kiwango chenyewe, na hata katika kunakili kulikuwa na kosa kwenye nyekundu. Lakini watumiaji walikuwa wameshaipenda kwa upana wake, hasa upande wa kijani na feruzi, kwa sababu wino wa matbaa unaweza kutoa baadhi ya rangi hizo ambazo sRGB inaziacha nje. Ikabaki ilivyo, ikabadilishwa jina kuwa Adobe RGB (1998). Ilimfaa sana mtu aliyekuwa anaandaa kurasa za gazeti la rangi kwenye karatasi ya kung'aa, akikaa meza moja na fundi wa matbaa. Mlolongo ule ulikuwa mfupi na kila aliyekuwemo aliijua lebo.

Leo picha inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye kompyuta mpakato, inapita kwenye programu ya kutumiana ujumbe inayoibana upya kwa namna yake, inatazamwa kwenye simu tano tofauti, na shangazi mmoja anaipeleka akaichapishe kwenye kikombe. Mlolongo huu hauna fundi wa matbaa.

Kuna wanaoutetea upana kwa hoja nzito zaidi: kwamba ngozi nyeusi inadhulumiwa na sRGB. Naelewa hoja hiyo inatoka wapi. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Watu weusi walitoka kwenye picha bila sura, meno na macho tu. Dhuluma hiyo ilikuwapo. Ila ilikuwa ya filamu, ya vipimo na ya mwanga. Upana wa nafasi ya rangi haukuhusika. Ngozi ya binadamu, kuanzia mweusi tii mpaka maji ya kunde mpaka mzungu aliyeungua na jua, inatosha ndani ya sRGB bila kusukumana. Hakuna rangi ya ngozi inayosubiri Adobe RGB ili ionekane. Ngozi nyeusi inataka mwanga uliopimwa kwa ajili yake na mpiga picha asiyeogopa kuacha dirisha la nyuma liungue kidogo. Aliyekosea hapo hatakombolewa na menyu.

Basi ni nini kinachovuka mipaka ya sRGB katika picha zetu? Mambo matatu hunijia haraka, na hayatendewi sawa na upana.

La kwanza ni kisutu. Bibi harusi wa pwani akijifunga kanga ile nyekundu, nyeusi na nyeupe akasimama juani, nyekundu yake inafika ukingoni, hasa kamera ikiwa imewekwa kwenye mtindo wa kukoleza rangi. Namba ya nyekundu inagonga 255, kijani na buluu zinakaribia sifuri, na mikunjo yote ya kitambaa inamezwa. Unabaki na baka moja jekundu lisilo na sura. Hapa ndipo mtetezi wa Adobe RGB anapokurupuka, na hapa ndipo inapomwangusha. Rangi ya msingi ya nyekundu ya Adobe RGB ina ukolezi uleule wa sRGB. Ilichoongeza ni mwanga: nyekundu ambayo sRGB inaiandika 255, 0, 0, Adobe RGB inaiandika 219, 0, 0, kwa hiyo kuna nafasi ya kupanda hadi nyekundu inayong'aa zaidi, lakini si nyekundu iliyokolea zaidi. Kwa kitambaa kilichokolea, msaada huo ni nusu. Na siku lebo itakapopotea, ile 219 itasomwa kama 219 ya sRGB, na kisutu cha harusi kitasogea kuelekea damu ya mzee.

La pili ni taa za ukumbini, zile za LED za buluu na zambarau ambazo madijei wanazipenda na wapiga picha wanazilaani. sRGB, Adobe RGB na Display P3, nafasi ya simu za siku hizi nitakayoifikia mwishoni, zote tatu zina rangi ya msingi ya buluu ileile. Buluu ya LED iko nje ya zote. Kwa hiyo anayehama nafasi ya rangi ili kuokoa uso uliomwagiwa buluu anajisumbua bure. Dawa ni flashi, au kupunguza ukolezi wa buluu wakati wa kuhariri RAW, yaani faili ghafi la kamera, au kumbembeleza dijei.

La tatu ni bahari. Maji ya feruzi ya Nungwi au Watamu, saa sita mchana maji yakiwa ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe, huishusha nyekundu ya sRGB hadi sifuri na kuikalisha hapo. Hapa ndipo penye haki ya Adobe RGB, maana kijani na feruzi ndiko ilikopanuka. Ukipiga picha za hoteli za ufukweni kwa ajili ya kalenda au kitabu kikubwa cha mezani, na mchapaji wako anajua kazi yake, sina ugomvi na wewe.

Lakini hata hapo, kwa nini uichague ndani ya kamera? Anayepiga RAW hachagui chochote. Faili la RAW halina nafasi ya rangi. Lina vipimo vya mwanga vilivyosomwa na kihisi, na nafasi ya rangi inaingia pale programu inapovitafsiri. Ile menyu inabadilisha JPEG, picha ndogo unayoiona nyuma ya kamera na ile histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga, basi. Wapo wanaoweka Adobe RGB ili histogramu isiwatishe mapema kwenye rangi zilizokolea, nao wana hoja ndogo ya kweli. Wengine wote wanaopiga RAW wanabadilisha jina la faili tu: Nikon inahamishia alama ya mstari wa chini mwanzoni kabisa mwa jina, na IMG_ ya Canon inageuka kuwa _MG_. Ukiona mstari huo unaanza jina la faili ulilotumiwa na msaidizi wako, jua kamera yake imewekwaje.

Anayepiga JPEG moja kwa moja ndiye anayechagua kweli, na kwake nasema sRGB bila kupepesa macho. JPEG ni biti 8. Ni ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukizitawanya kwenye nafasi pana zaidi, hatua kati ya ngazi na ngazi inakuwa ndefu, na ukianza kuvuta anga la jioni ngazi zinaanza kuonekana kama mistari.

Kwa hiyo upana una mahali pake, nako ni jikoni. Lightroom, programu ya kuhariri picha, inafanya kazi ndani ya nafasi yenye rangi za msingi za ProPhoto, hata usipoiambia. ProPhoto ilitengenezwa na Kodak na ni pana kupita kiasi, kiasi kwamba karibu asilimia 13 ya rangi zake jicho la binadamu haliwezi kuziona kabisa. Wakati wa kuhariri upana huo ni faida. Unaweza kuishusha nyekundu ya kisutu taratibu mpaka mikunjo irudi, kwa sababu haijakatwa bado. Ukiihamishia kazi Photoshop, ihamishie katika biti 16, ambapo ngazi ni maelfu kwa maelfu. ProPhoto katika biti 8 ni kosa ambalo sijawahi kusikia utetezi wake.

Na skrini je? Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zinauzwa zikiwa na maandishi madogo kwenye karatasi ya sifa zake: asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha zamani cha rangi za televisheni. Hiyo ni takriban theluthi mbili tu ya sRGB. Mwenye skrini hiyo akihariri kwa macho ndani ya Adobe RGB anaendesha rangi ambazo hajawahi kuziona. Atakoleza mpaka zimridhishe kwake, kisha zitawalipukia wenye simu nzuri. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja mwaka huu, nunua skrini inayofikia sRGB kamili, ile inayoandikwa asilimia 72 ya NTSC au 100 ya sRGB, halafu azima kifaa cha kuipimia, cha Spyder au cha Calibrite, kwa mwenzako. Itakusaidia kuliko lenzi mpya. Najua hakuna atakayenisikiliza kwenye hili.

Mwishoni unabadilisha mara moja. Photoshop ina amri mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kwa matokeo. Convert to Profile inabadilisha fedha: namba zinakokotolewa upya ili rangi ibaki ileile. Assign Profile inafuta jina la sarafu na kuandika jingine, namba zikibaki zilezile, na rangi inaruka. Wanaolalamika kwamba "niliweka sRGB lakini picha ikabadilika" mara nyingi walibonyeza hiyo ya pili. Ukibadilisha, pachika profaili. Ile ya kawaida ya sRGB ina ukubwa wa kilobaiti 3 hivi, kwa hiyo hoja ya kuiondoa ili kupunguza uzito wa faili ilikufa zamani.

Kwa matbaa nina neno moja tu la ukali. Usibadilishe picha kuwa CMYK, yaani namba za wino nne za matbaa, kwa kubahatisha. Photoshop mara nyingi inakuja na profaili ya Kimarekani ya SWOP ikiwa tayari imechaguliwa, na matbaa yako inaweza kuwa inatumia kipimo cha Ulaya kama FOGRA39, au haina kipimo chochote. Karatasi ya gazeti inavumilia wino wa jumla, yaani asilimia za wino zote nne zikijumlishwa, wa asilimia 220 hadi 240 hivi, karatasi ya kung'aa inafika 300 na kuendelea. Faili lililoandaliwa kwa ajili ya karatasi ya kung'aa likipelekwa gazetini, vivuli vya nyuso vinageuka tope, na sisi weusi ndio tunaoumia kwanza. Uliza. Wakikosa jibu, wapelekee sRGB yenye lebo na waombe nakala moja ya majaribio kabla ya elfu moja.

Limebaki suala linalobadilika mbele ya macho yetu. Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu za Apple zinapiga picha na kuzionyesha katika Display P3, iliyotokana na kiwango cha sinema za kidijitali. Android ilianza kuzingatia profaili za rangi katika toleo la 8.0 mwaka 2017, na simu nyingi za Android za daraja la juu sasa zina skrini za upana huo. P3 inafanya kile Adobe RGB ilichoshindwa kwenye kisutu: nyekundu yake ya msingi imekolea zaidi kweli. Nyekundu ya mwisho ya sRGB, kwenye P3 inaandikwa 234, 51, 35, na bado kuna njia ya kwenda mbele. Tofauti kubwa kuliko hiyo ni kwamba watazamaji wanazo skrini hizo mifukoni, jambo ambalo Adobe RGB haikuwahi kulipata kwa watu wa kawaida.

Je, tuanze kukabidhi harusi katika P3? Kwa sasa siwezi kumshauri mtu hivyo. P3 iliyopoteza lebo inapauka kama Adobe RGB iliyopoteza lebo, na mlolongo wetu bado ni uleule wa shangazi na kikombe. Kwenye tovuti yako mwenyewe, ambako unajua picha haiguswi na mtu mwingine, iweke na lebo yake na ukione kisutu kinavyowaka. Kwa mteja, sRGB. Na faili za RAW usizifute baada ya kulipwa, pamoja na bei ya diski ilivyo, kwa sababu mteja akirudi baada ya miaka kadhaa akitaka picha zilezile kwa ajili ya televisheni kubwa ya ukutani, JPEG ya sRGB uliyompa haina kitu cha ziada ndani yake cha kumtolea.